Barua ya wazi kwa wakubwa wa ndondi za kulipwa: msingoje mtu afie ulingoni ndio mtusikize

Kwa Mwenyekiti, Katibu na wanakamati wote mnaosimamia ndondi za kulipwa hapa nchini,

Kutoka Nakuru.

KUH: USALAMA, KARATASI NA PESA ZA MABONDIA

Waheshimiwa, salamu kwanza. Mimi ni mshika kona hapa Nakuru, yule jamaa wa taulo na ndoo mnayempita mkienda kukaa viti vya mbele. Naandika kwa niaba yangu na ya makocha wenzangu kadhaa wa hapa na wengine wa upande wa Kisumu, ambao wameniomba nisiwataje majina kwa sababu vijana wao bado wanangoja leseni. Hiyo peke yake ingewaonyesha tumefika wapi, mtu mzima na ndevu zake anaogopa kulalamika asije kijana wake akanyimwa pambano.

Tulianza kwa adabu. Barua tuliandika, zikapokewa, zikapigwa muhuri, baada ya hapo kimya. Simu tumepiga, zinaita mpaka zinajikata. Kwa WhatsApp tunaona tiki zimekuwa bluu halafu hakuna neno. Tulipowapata uso kwa uso kwa pambano moja Nairobi mkatuambia tutakaa chini tuongee, na huko chini mpaka leo hatujaitwa. Kwa hivyo tumeamua tuongee mbele ya watu, na hatufanyi hivi kwa ubaya.

Na msidhani ni watu wa juzi wanapiga kelele. Mji huu ndio ulimlea Philip Waruinge, aliyechukua shaba Mexico 1968 na bado akapewa kombe la Val Barker, lile la bondia mwenye ufundi kuliko wote kwenye Olimpiki, wenye dhahabu wakiwa hapo hapo wanaangalia. Munich 1972 akarudi na medali ya fedha, kwa fainali ambayo wazee wa hapa ukiwagusa nayo hadi leo wanapandisha sauti, kisha akaenda Japani kupigana za kulipwa. Ukumbi wetu tuliuita Madison Square Garden na hakuna aliyecheka. Tunajua ndondi. Sasa haya ndiyo yanatuuma.

1. DAKTARI NA AMBULENSI

Hili naliweka mbele kwa sababu mengine yote mtu anaweza kuishi nayo.

Kuna pambano la huku kwetu, mlilolipatia kibali nyinyi wenyewe, ambulensi ilifika mapambano ya utangulizi yakiwa yameshaisha, ikaegeshwa nyuma ya wauza soda, na dereva hakuonekana tena mpaka watu wanaenda nyumbani. Daktari alikuwa kijana mmoja wa kliniki, simlaumu hata kidogo, alikuja na moyo wake na kile kipimo cha kusikiza kifua. Oksijeni hakuna. Machela hakuna. Nikamuuliza promota, kijana akianguka hapa tunambebaje, akanijibu tusiombe mabaya. Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi siombi mabaya, mimi nauliza machela.

Mnajua kinachoua bondia, lakini wacha niseme kwa ajili ya wasomaji wengine. Mara nyingi si lile konde moja la kumlaza chini watu washangilie. Ni makonde mengi yanayotikisa ubongo ndani ya fuvu mpaka mishipa midogo inachanika, damu inaanza kuvuja taratibu na kubana ubongo, na kijana anaweza kusimama, akavuliwa glavu, akaongea na wewe vizuri, halafu huko chumba cha kubadilisha nguo anasema kichwa kinauma, anatapika, analala na haamki. Hapo kila dakika ina maana. Anahitaji hewa, anahitaji gari, anahitaji hospitali yenye daktari wa upasuaji wa ubongo ambaye ameshaambiwa mapema kwamba leo kuna ndondi mahali fulani.

Robert Wangila alikuwa mtoto wetu, dhahabu ya Olimpiki ya Seoul 1988, konde la raundi ya pili na Mfaransa akabaki hapo. Julai 1994 akapigana Las Vegas, refa akasimamisha pambano akiwa bado amesimama, yeye mwenyewe akalalamika kwamba wamemsimamisha mapema, na baada ya muda mfupi akazimia akiwa nje ya ulingo. Akafa hospitalini. Alikuwa na miaka 26. Hiyo ni Las Vegas, mji wenye kila kitu. Sasa mniambie, kijana wa Kivumbini akizimia usiku ndani ya ukumbi wa Nakuru, mpango wenu ni gani? Sio wa promota, wenu.

Nasema wenu kwa sababu najua jibu mnalopenda, kwamba nyinyi mnatoa kibali tu na usalama ni kazi ya promota. Basi someni kesi ya Michael Watson. Septemba 1991 alipigana na Chris Eubank pale White Hart Lane, London, akasimamishwa raundi ya 12, akaanguka, na kando ya ulingo hakukuwa na vifaa wala watu wa kumrudishia pumzi kama inavyotakiwa. Alikaa siku 40 bila fahamu na akatoka na ulemavu wa maisha. Watson hakumshtaki Eubank, aliwashtaki wasimamizi wa ndondi wa Uingereza, na wao wakajitetea kama nyinyi, kwamba sisi ni wa kutunga kanuni tu. Wakashindwa mahakama kuu na wakashindwa tena rufaa. Majaji waliona kwamba ukishajifanya wewe ndiye unayeamua masharti ya matibabu kando ya ulingo, na bondia amekutegemea kwa hilo, basi mzigo ni wako. Kesi ilitikisa kile chombo mpaka wakauza ofisi yao ya London wakahamia Cardiff. Sasa nyinyi mkiburutwa kortini, mtauza nini?

2. KUZIMWA LEO, KUPIGANA MWEZI UJAO

Kwenye ndondi za ridhaa tulikaririshwa tangu tukiwa watoto: ukizimwa, yaani ukaangushwa ukashindwa kuendelea, mara moja unakaa nje wiki nne, mara mbili ndani ya miezi mitatu unapumzika miezi mitatu, na mara tatu ndani ya mwaka unakaa mwaka mzima, upende usipende. Kocha alikuwa anaandika kwa kitabu cha bondia na kitabu kinatembea naye, hata akihamia mji mwingine kocha mpya anakifungua anaona. Mtoto asiyelipwa hata shilingi alikuwa analindwa hivyo. Akiingia za kulipwa, ambako raundi ni nyingi na glavu ni nyembamba na hakuna kofia, ile kinga ndio inapotea. Hii kwangu imepinduka kabisa.

Nitawapa mfano bila jina. Kijana wa jimu yetu ni uzani wa laiti, yaani kilo 61.2 mwisho. Akapigiwa simu na mtu wa kupanga mapambano, kuna pambano ng'ambo, siku chache tu zimebaki, ni uzani wa welta, ambao kikomo chake ni kilo 66.7. Mimi nilikataa. Kijana ana mtoto na ana kodi ya nyumba, akaenda bila mimi, kona akashikiwa na mtu hajawahi kumuona. Akazimwa raundi ya pili. Kilichoniuma si kupoteza, ndondi ni kupoteza pia. Kilichoniuma ni kwamba barua ya ruhusa ya kutoka nchini ilitoka ofisini kwenu, na anayetoa hiyo barua anajua uzani wa kijana, anajua alipigana lini mara ya mwisho, na akaweka sahihi. Aliporudi hakuna aliyemuita apimwe, hakuna aliyemwambia usipigane mpaka tarehe fulani. Wiki chache baadaye simu ikalia tena, pambano lingine, na barua nyingine iko tayari.

Kila mtu kwenye huu mchezo anajua kinachoendelea. Promota wa nje ana kijana wake wa kukuzwa, anataka ushindi wa haraka kwa rekodi, anafungua BoxRec, ule mtandao wa rekodi za mabondia, anaangalia nani ana mapambano mengi ya kupoteza na njaa ya kutosha, na akiangalia upande wa Afrika Mashariki anapata orodha. Sisi tumegeuzwa soko la kuku wa kuchinjwa. Kazi ya hiyo barua ya ruhusa ilikuwa kuzuia hivyo, na badala yake naona imekuwa risiti ya kulipia ada, maana sijawahi kusikia mmemnyima mtu hata mmoja. Kama mmewahi, tutajieni huyo bondia na sababu, nitafuta hii aya mbele ya watu.

3. PESA NA MIKATABA

Bondia anaambiwa pesa ya pambano kwa mdomo. Siku ya kupima uzani anawekewa karatasi mbele, asaini, amevuliwa shati na ana kiu kwa sababu alikuwa anakata kilo, watu wa kamera wanangoja. Nakala hapewi. Usiku baada ya pambano anaambiwa kuna makato, ya meneja, ya leseni, ya vipimo, ya usafiri, ya "mambo ya ofisi", na kinachobaki kinaingia kwa simu nusu, nusu ingine ni wiki ijayo. Wiki ijayo ya promota nyinyi wote mnaijua.

Mtasema mabondia ni watu wazima na wamesaini wenyewe. Ni kweli wamesaini, lakini mbona mmewaachia wasaini kitu ambacho hata nyinyi hamjakisoma? Marekani walichoka na hii tabia wakatunga sheria mwaka 2000, wakaipa jina la Muhammad Ali, inayomlazimisha promota amfungulie bondia hesabu, ni pesa gani inaingia kwa lile pambano na nini kinakatwa kwake. Sisemi tumekuwa Marekani. Nasema karatasi moja ya makato inachapishwa kwa sayba yoyote ya hapa mjini kwa shilingi chache.

Na ile ada ya kibali mnayokata kwa pambano la mkanda, tuambieni inaenda wapi. Mkanda wenyewe mara nyingine bondia anavalishwa apigwe picha halafu unarudishwa kwa begi la mtu.

4. MAJAJI

Fupi tu. Kadi za majaji zitangazwe raundi kwa raundi na zibandikwe baada ya pambano. Na jaji anayefundisha kwenye jimu moja na bondia anayepigana usiku huo akae nyumbani. Hii haihitaji bajeti.

5. KILA KITU NI NAIROBI

Leseni Nairobi, vipimo Nairobi, semina ya makocha Nairobi, na semina yenyewe tunasikia imepita. Kutoka hapa ni kama kilomita 160, sisi tunalia lakini tuko karibu, hebu mfikirieni kijana wa Busia au Kakamega anayeacha kazi ya mjengo siku mbili kwenda kupima damu ya ukimwi na homa ya ini, vipimo ambavyo hospitali ya rufaa ya Nakuru inafanya na ile ya Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu inafanya pia. Kwa nini daktari wa huku asiandikishwe kwenu atambulike? Jibu tulilopewa ni kwamba fomu za mashambani zinaghushiwa. Nairobi nako zinaghushiwa, tuseme ukweli, na kinachozuia kughushi ni mtu kupiga simu hospitali kuuliza.

Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, Kisumu ni jiji tangu zamani, na hakuna hata ofisi ya dawati moja na kiti. Mkanda wa taifa kupiganiwa huku ni kitu tunasimuliana.

6. AKINA DADA

Conjestina Achieng alitoka Siaya akatufungulia mlango dunia nzima ikaona, akawa mwanamke Mwafrika wa kwanza kushika mkanda wa kimataifa wa ndondi. Fatuma Zarika akaenda Marekani 2016 akamnyang'anya Alicia Ashley mkanda wa WBC, lile Baraza la Ndondi la Dunia. Ukiangalia hiyo historia ungedhani leo wasichana wetu wana mpango wao. Wapi. Wanaitwa kujaza ratiba, wanapigana wa kwanza watu bado wanatafuta viti, kwa pesa ambayo sitaiandika hapa nisiwaaibishe wao. Na Conjestina maisha yalipomgeuka, nchi ilijua kupitia televisheni, na waliochanga ni wasamaria wema. Hakuna mfuko wa kumshika bondia aliyestaafu, wa kike wala wa kiume, na kila pambano mnatoza ada. Sasa hata nashindwa kuelewa hii ada ni ya nini.

7. NYINYI WENYEWE

Hapa najua ndipo mtakasirika. Sheria ya Michezo ya 2013 iliweka Msajili wa Michezo na ikaweka mahakama ya kusuluhisha mizozo ya michezo, na inataka mashirika ya michezo yawe na katiba, yafanye uchaguzi, na yatoe hesabu. Sisi wa huku tunauliza tu: uchaguzi wenu ni lini, nani anapiga kura, na jimu ya Nakuru au ya Kisumu iko kwa hiyo orodha au haiko? Na hesabu za fedha zilizokaguliwa ziko wapi, za mwaka jana na wa juzi? Katiba ya nchi kifungu cha 35 inampa raia haki ya kupata habari, hata ile iko mikononi mwa mtu binafsi kama anaihitaji kulinda haki yake. Sidhani kuna haki kubwa kuliko kujua nani amekubali upigwe.

Majibu yenu mengine nayajua. Ya kwanza mtasema hakuna pesa, serikali haiwapi kitu. Naelewa, kweli kabisa, na tukiwaona mmeenda kudai pesa za mfuko wa michezo tutawafuata nyuma na mabango. Lakini kukataa kuweka sahihi barua ya ruhusa ni bure. Kumwambia promota hapana, bila ambulensi mbili hakuna kengele, ni bure. Hata ile sheria ya Marekani ya 1996 haikuanza na mambo makubwa, ilianza na daktari kando ya ulingo, gari au watu wenye vifaa vya kuokoa, na bima kwa kila bondia.

Ya pili mtasema tukiweka masharti magumu mapromota watakimbia na vijana watakosa kazi. Promota anayekimbia machela wacha akimbie. Tena mapambano bila kibali yatakuja, mtasema, ya vichochoroni. Yako tayari, na tofauti yake na haya yenu kwa sasa ni muhuri tu.

Ya tatu mtasema huyu ametumwa, kuna watu wanataka viti vyenu. Mimi kiti sitaki. Nina stuli yangu ya kona na inanitosha.

Tunachoomba ni hiki. Kabla ya pambano lolote kufunguliwa Nakuru, Kisumu, Eldoret au kwingine, afisa wenu athibitishe kwa macho yake kwamba daktari yuko, oksijeni iko, machela iko, ambulensi ziko mbili na madereva wako ndani, na hospitali imepigiwa simu; ambulensi ya mwisho ikiondoka, pambano linasimama mpaka irudi. Orodha ya mabondia waliozimwa na tarehe ya kila mmoja kurudi ulingoni iwekwe wazi mahali kila kocha na kila promota wa nje anaweza kuiona, na ye yote aliye kwenye hiyo orodha asipate barua ya kusafiri. Barua ya ruhusa isitoke bila sahihi ya kocha anayemfahamu bondia, na pambano likiwa uzani wa juu au la kuitwa ghafla, kamati ikae na iandike kwa nini imekubali. Mkataba usomwe na kusainiwa kabla ya siku ya kupima uzani, bondia apewe nakala, na promota aweke pesa zote za pambano kwenu kabla ya kengele. Madaktari wa Nakuru na Kisumu waandikishwe mwaka huu. Na hesabu zitolewe pamoja na tarehe ya uchaguzi.

Tunawapa siku 30 kutoka leo mtuite, hapa Nakuru au Kisumu, si Nairobi, mbele ya mabondia wenyewe. Nauli yenu tukitakiwa tutachanga, na hapo sitanii. Siku hizo zikipita kimya tutapeleka malalamiko rasmi kwa Msajili na baadaye kwa mahakama ya mizozo ya michezo, tukiambatisha nakala za barua zote tulizowaandikia, zile zenye muhuri wenu. Na kuanzia sasa jimu zetu zilizokubaliana hazitapeleka bondia kwa pambano lolote ambalo hatujaiona ambulensi kwanza, hata kama bango lishachapishwa na tiketi zishauzwa.

Wenu kwa heshima,

Mshika kona, Nakuru
kwa niaba ya makocha wa Nakuru na Kisumu

Nakala: Msajili wa Michezo
Nakala: Maafisa wa michezo, kaunti za Nakuru na Kisumu
Nakala: Mabondia wote wenye leseni